Adhana Iliyovaa Kitenge

Mimi sikusoma. Hata saa siijui kusoma. Binti yangu Soumaya ametundika moja ukutani hapa kwake Gasenyi, pembeni mwa mji, juu ya mlango wa chumba changu. Ina mishale, na vijiti vimeizunguka. Naiangalia, nayo inaniangalia. Basi.

Nilikotoka, mtaa wa Buyenzi, mjini, sikuhitaji saa. Nilikuwa na Mwantum.

Mwantum alikuwa mke wangu. Alizaliwa Rumonge, kwa watu wa mawese, akaletwa Buyenzi kwa shangazi yake akiwa msichana. Hakuwa mrefu. Hakuwa mwenye maneno mengi pia, ndiyo maana tulielewana. Alikuwa anakaanga sambusa mlangoni, na watu wa gereji walizikula zikiwa bado zinaunguza. Alipenda kitenge cha kijani. Alichukia kuchelewa. Mtu akichelewa kwake, chakula alikikuta kimefunikwa, na juu ya kifuniko kuna jiwe. Jiwe lilikuwa ndiyo matusi yake.

Mimi nilikuwa fundi wa bodi. Gari ikigongwa, sisi tunalirudisha bati mahali pake kwa nyundo. Nyundo na bati, kuanzia ujana mpaka mgongo ukakataa. Kazi ile inakula masikio kidogo. Watu wa siku hizi nao wanasema kwa midomo tu, sauti hawatoi. Lakini adhana nilikuwa naisikia. Hivyo ndivyo nilivyojua.

Alfajiri Mwantum alikuwa anaamka kwanza. Anatia udhu uani, halafu anakuja kuniamsha. Mikono haifuti. Anaweka vidole vyake begani mwangu juu ya shuka, asije akavunja udhu wake kwa ngozi yangu, na maji yanapenya kitambaa. Ni baridi kidogo. Anasema, "Baba Soumaya, wameadhini." Naamka, nasikia adhana, naenda.

Mchana ni vilevile. Gereji ilikuwa kwenye barabara yetu. Anatoka nyumbani, anapita kati ya magari, anafika nyuma yangu, vidole juu ya shati. Naacha nyundo. Shati linabaki na alama ya vidole vyake mpaka jua liikaushe.

Mafundi walicheka. Mkubwa wao alikuwa Shakuru, jirani yangu, mpiga rangi. Akimwona Mwantum kwa mbali anapiga makofi.

"Shaabani! Adhana yako hiyo inakuja! Leo imevaa kitenge!"

"Nyamaza, we Shakuru."

"Na imenenepa, mashallah! Adhana ya wengine iko mnarani, yako inakula sambusa."

Mwantum hakuwa wa kumwacha. "We unayesikia ya mnarani," anamwambia, "mbona uko hapa na rangi puani? Tangulia msikitini, au Mungu akupake rangi yeye."

Gereji nzima inaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Nilicheka miaka yote ile.

Halafu akaugua tumbo. Halikukawia. Mvua ilikuwa inanyesha siku tuliyomzika, na udongo ulishika viatu vyetu kama unakataa turudi.

Siku za matanga nyumba ilijaa watu. Walinishika mkono kunipeleka msikitini, wakanishika mkono kunirudisha. Arobaini ilipofika, wengine ndio walioihesabu. Mimi niliona watu wameongezeka uani na sufuria kubwa zimetolewa, nikajua kuna jambo. Baada ya hapo kila mtu alirudi kwake. Soumaya akasema, "Baba, huwezi kubaki peke yako." Akanileta huku.

Nyumba yake ni nzuri. Ina ukuta, ina geti, ina vigae chini. Yeye anafanya kazi ofisini, Mutanga Nord, mumewe Khaled ana biashara mjini. Wanatoka kukiwa giza kutafuta gari, wanarudi wakipata gari. Watoto wako shule. Mimi nabaki na ukuta.

Msikiti karibu hapa hakuna. Nilisema, ndiyo maana nimepotea. Buyenzi adhana inakata siku vipande, kama mkate. Huku siku ni nzima, hakuna mtu aliyeikata. Nalala, naamka, ni mwanga. Nalala, naamka, bado ni mwanga. Sijui kama ni ule wa kwanza.

Nikikaa vile kwenye kiti nilianza kuwaza watu ambao hawajui wakati kabisa. Sio kama mimi niliyepotea. Watu walioumbwa hivyo, hawana jana, hawana kesho, hawana bado, hawana tayari. Wanaishije? Nikaona wanakula wakiwa na njaa, chakula kikiiva kimeiva. Hakuna wa kuwekewa jiwe juu ya kifuniko. Hakuna anayeitwa mzee. Mtoto analia, ananyonya, na ndevu zake zinaota, wala hakuna anayeshangaa. Arobaini hawana. Neno marehemu hawana. Ukiwauliza, Mwantum yuko wapi? watakujibu, yuko uani. Kwa sababu alikuwa uani, na kwao alikuwa na yuko ni kitu kimoja.

Nilipenda watu wale. Nilitaka kuhamia kwao.

Kisha nikaona jambo jingine. Watu wale hawangojani. Mtu akitoka, ametoka. Hakuna anayetazama mlango. Na kama hawangojani, basi hawaoani pia, maana ndoa nimeijua mimi, ndani yake kuna kungojana tu. Nikawaacha.

Ikaja siku ya dawa. Nina dawa za presha, moja asubuhi, moja jioni. Mwantum alikuwa ananipa ya asubuhi baada ya alfajiri na ya jioni baada ya magharibi. Mbili hizo hazifanani. Ya asubuhi ina nguvu, inavuta maji mwilini. Siku hiyo nilikuwa nimelala mchana. Mvua ilikuwa imefunga milima yote, ya Kongo na ya kwetu, huwezi kujua jua liko upande gani. Nikaamka, mwanga ni wa majivu, nyumba kimya. Nikasema, hii ni alfajiri, wamekwisha kutoka. Nikasali sala ya alfajiri. Nikameza dawa ya asubuhi. Nikatoka kwenda getini kuona watu wanaokwenda kazini.

Kumbe walikuwa wanarudi.

Caritas, mama anayeuza parachichi na nyanya mbele ya geti letu, ndiye aliyeniokota. Alisema niliegemea geti, halafu nikashuka taratibu kama nguo inayoanguka kwenye kamba.

"Yoo, Muzee! Muzee Shaabani! Unaenda wapi saa hizi?"

"Nawaangalia watu wanaenda kazini."

"Kazini? Muzee, watu wanarudi kula!"

Alinipa maji, akanipepea na kifuniko cha karatoni mpaka Soumaya akafika. Soumaya alilia. Hakulia mbele yangu. Aliingia jikoni, akatoka na macho mekundu na maneno yaliyopangwa.

"Baba, nyumba ya Buyenzi tutaipangisha. Kuna watu wameiuliza."

"Nyumba ile si ya kupangisha."

"Inakaa bure. Inanyeshewa."

"Nitakwenda kukaa mimi."

"We?" Alisogea karibu, akapaza sauti, anavyopenda kufanya. "Baba, hapa tukiwapo unameza dawa ya asubuhi mara mbili! Kule uko peke yako, nani atakuona?"

"Kule kuna adhana," nikamwambia. "Nilipotea kwa sababu huku hakuna adhana. Nirudishe panapoadhiniwa, utaona. Sitakosea tena."

Soumaya alihesabu vidonge vilivyobaki. Yeye ni mtoto wa mama yake, haahidi haraka. Mwishowe akasema, "Bon. Nitakupeleka Alhamisi. Utalala peke yako. Ijumaa, baada ya sala, nitakuja. Kama dawa umemeza kwa wakati wake, na Ijumaa umekwenda mwenyewe bila mtu kukuita, nyumba ni yako, sitaigusa tena. Kama sivyo, Baba, naipangisha, na hatutaizungumza tena."

"Sawa."

Sikulala vizuri siku zile, kwa furaha. Nilimwona Mwantum kila pembe ya nyumba ile hata kabla sijafika.

Alhamisi Soumaya alinifikisha. Barabara yetu haikubadilika, magari yamefunguliwa vifua, vijana wamelala chini yake, mafuta machafu kwenye udongo. Wakanisalimu kwa mikono iliyochafuka, wakanipa viwiko nivishike. Soumaya aliongea na Shakuru pembeni, nikamwona Shakuru anatikisa kichwa, kisha anakubali. Halafu Soumaya akaniwekea ugali na ndagala, dagaa wa kwetu, mishumaa, dawa mbili kwenye sahani mbili, na akaondoka.

Nikafungua mlango wa uani. Pipa la maji lilikuwapo. Kopo la udhu lilikuwapo, limepinduliwa kama alivyolipindua yeye, kwa sababu hakuna mwingine katika familia yetu anayepindua kopo. Niliketi kwenye kibao chake cha kukaangia. Kifupi. Magoti yalifika kifuani. Nikangoja magharibi.

Mwanga ulififia. Vijana wa gereji waliondoka. Popo wakapita. Nikatega sikio. Hakuna kitu. Kukawa giza kabisa. Nikasema, umeme umekatika, vipaza sauti vya msikiti havifanyi kazi. Ni mambo ya kawaida mjini. Nikasali kwa giza, maana giza naliona mwenyewe. Nikameza dawa ya jioni. Nikawasha mshumaa, swichi hata sikuigusa, nikala, nikauzima.

Nililala upande wangu wa kitanda. Upande wake niliuacha.

Nilipofungua macho, jua lilikuwa linaingia kwenye matundu ya misumari ya bati, limeshatengeneza sarafu ukutani. Alfajiri ilikuwa imekwenda zamani. Niliketi kitandani na bega langu kavu. Nikasema tena, umeme haujarudi. Lakini safari hii nilisema kwa sauti, kama mtu anayemwambia mwenzake.

Nikasali nikiwa nimechelewa. Walimu husema aliyelala, akiamka ndio wakati wake. Nikameza dawa. Nikaoga, nikavaa kanzu, nikavaa kofia. Nikaketi tena uani kwenye kibao, geti nimelifunga ili vijana wa gereji wasije wakanisemesha. Leo nitakwenda mwenyewe. Nitasikia adhana ya Ijumaa, nitasimama, nitakwenda.

Nikangoja. Jua lilipanda kwenye pipa. Mwantum alikuwa akiweka maharagwe jikoni jua likigusa pipa, hilo nilikumbuka. Likapita pipa. Likafika kwenye kamba ya nguo. Likafika kwenye vidole vyangu vya miguu. Sijawahi kungoja hivyo. Nilikuwa kama ng'ombe aliyefungwa, anajua kuna maji mahali fulani.

Geti likafunguliwa. Aliingia Shakuru, kanzu nyeupe, mswala begani, jasho usoni. Nikasimama haraka.

"Umenipitia? Twende. Lakini binti yangu asijue umenipitia."

Alikuja mpaka kwenye sikio langu la kushoto, lile bora.

"Shaabani, tumeshasali."

"Mmesali nini?"

"Ijumaa. Tumetoka sasa hivi."

"Haiwezekani. Hawajaadhini."

"Wameadhini, ndugu yangu. Muadhini alipiga kelele mpaka nikamhurumia koo."

"Umeme hakuna," nikasema. "Sikusikia kwa sababu umeme hakuna. Tangu jana."

Shakuru alinitazama kama anavyotazama gari ambalo rangi haitashika. Akaenda kwenye mlango wa jiko, akabonyeza swichi. Taa ya uani ikawaka juu ya kichwa changu. Mchana ule haikuwa na nguvu, ilikuwa njano tu, kama kiini cha yai. Lakini iliwaka.

"Umeme upo," akasema. "Tangu jana upo. Kwangu nimesikiliza radio."

Niliketi. Yeye aliketi kwenye ndoo aliyoipindua.

"Hata jana magharibi?" nikauliza.

"Hata jana magharibi."

"Hata leo alfajiri?"

"Shaabani, msikiti uko mtaa wa pili. Mpaka mbwa wanajua."

"Lakini nilikuwa naisikia! Miaka yote! Naisikia, naacha nyundo, naenda!"

Akakuna goti lake. Mzee huyu, ambaye kazi yake ilikuwa kucheka, alitafuta maneno.

"Ulikuwa unaguswa begani," akasema. "Halafu unasikia."

"Mlijua?"

"Gereji nzima tulijua. Mimi nilipiga rangi, rangi haina kelele, masikio yangu ni mazima. Nyinyi wa nyundo mlikwisha zamani."

"Na hamkuniambia."

"Tulikuambia kila siku! Adhana yako inakuja, imevaa kitenge. Mara ngapi nimekuambia? We ulikuwa unacheka."

Niliangalia kopo la udhu.

Shakuru akasema, polepole, mdomo karibu na sikio, "Leo nilipita hapa getini nikienda. Binti yako alinikataza nisikuite, nikampa neno langu. Basi nikakohoa. Nilikohoa pale kama mgonjwa wa kifua. Mama mmoja akanishauri niende hospitali."

Nilicheka. Hata yeye alicheka. Kicheko kikaisha.

"Sikiliza," akasema. "Soumaya akija, nitamwambia ulikuwa safu ya pili, pembeni yangu. Nani atabisha? Utabaki. Mi nitakuwa nakupigia geti kila sala."

"Geti nitalisikia?"

Akageuka, akaliangalia geti.

"Basi utaingia mpaka kitandani?"

"Nitaingia, kama itabidi. Nitakuvuta mguu."

Ni rafiki. Angefanya. Lakini nilimwangalia, mzee mwenzangu, magoti yanamuuma, nikamwona anavuka barabara alfajiri kwa mvua ili aje anivute mguu. Na kuna jambo jingine ambalo sikumwambia. Nilikuwa nimerudi Buyenzi kuchukua wakati wangu mahali nilipouacha. Nilidhani uko mnarani, unangoja, utanipokea. Kumbe haukuwa pale hata siku moja. Ulikuwa unatembea kwa miguu, unapita kati ya magari, una maji mikononi, na tuliuzika na mvua ikinyesha.

Nyumba ile haikuwa na kitu changu tena. Ilikuwa na kibao, na pipa, na kopo.

Soumaya alifika na Khaled. Alimsalimu Shakuru, akaangalia kanzu yangu, uso wake ukafunguka. Nikaona alitaka niwe nimeshinda.

"Baba! Umekwenda?"

Shakuru alifungua mdomo. Nikamshika mkono.

"Sikwenda," nikasema. "Waliadhini, sikusikia. Alfajiri pia sikusikia. Jana pia. Sisikii adhana, mama. Sijaisikia tangu ulipokuwa mdogo. Mama yako ndiye aliyekuwa anasikia."

Khaled aliangalia chini. Soumaya alisimama pale, mkoba bado uko begani. Alikuwa ameshinda yeye, na haikumfurahisha.

"Mbona hukusema, Baba?"

"Nilikuwa sijui."

Akaja akachutama mbele yangu, kama alivyokuwa akifanya akiwa mtoto kunivua viatu vya kazi. "Basi kule nyumbani nani atakuwa anakuambia?"

"Sijui," nikasema. "Pangisha. Watafutie watu wenye watoto, wapige kelele."

Nilifunga mlango mwenyewe. Soumaya aliuliza kama kuna kitu ninataka kuchukua. Nikasema hakuna. Kopo niliacha limepinduliwa. Shakuru alitusindikiza mpaka kwenye gari la kukodi, akagonga bati la mlango mara mbili kwa kiganja, kama tunavyoliaga gari lililopona.

Sasa niko Gasenyi. Saa ya ukutani bado ipo, bado tunaangaliana. Soumaya amepanga mambo. Alfajiri, kabla hajatoka, anakuja chumbani kwangu na kunigusa begani. Mchana Caritas anaacha nyanya zake, anaingia, ananigusa. "Muzee, saa sita imepita. Sali kwa ajili yetu sote, sisi tunangoja Jumapili." Jioni ni watoto, kwa fujo. Dawa sikosei tena. Naambiwa nimenenepa.

Kwa hiyo siku imekatwa tena vipande. Nashukuru. Nasema kweli, nashukuru.

Lakini alfajiri mara nyingi naamka kabla hajaja. Najua ni alfajiri kwa sababu ya baridi ya vigae. Ningeweza kuinuka. Siinuki. Nafunga macho, navuta shuka mpaka shingoni, nangoja.

Soumaya anatia udhu kwanza, kama mama yake. Halafu anafuta mikono kwa taulo, vizuri, kidole kwa kidole, asije akanilowesha. Nimemlea kwa adabu. Anaweka mkono begani mwangu.

"Baba, ni alfajiri."

Mkono ni mkavu. Nafungua macho, namwambia asante, mama. Habari ya maji sijamwambia.